Rangi ya Chini

Karani wa kaunti alinipa karatasi yenye majina kumi na mawili
na mhuri. Ukuta ni ule wa stesheni ya zamani,
upande unaotazama ziwa. Herufi ziwe za inchi nne, akasema,
WATU MASHUHURI WA KISUMU,
na nisikosee tahajia ya Diwani Othina,
mwanawe atakuja na wapiga picha.

Nikamwuliza, rangi ya mafuta au ya maji?
Ya maji. Ni rahisi. Tumekwisha kuinunua.
Nikanyamaza. Mwenye tenda hafundishwi rangi.

Mji huu nimeuandika miaka thelathini na minne:
maduka ya dawa, vinyozi, misalaba ya makaburini,
USIKOJOE HAPA mara mia na ushei.
Najua herufi inayochakaa kwanza. Ni O.
Jua la saa nane huanza kuila tumboni.
Na kwetu hapa, nani hana O?

Mji wenyewe uliwahi kubandikwa jina la mke wa mtu wa reli.
Likabanduka.

Basi usiku wa kwanza, ukuta ukiwa mtupu,
nilimtuma Hezron akanunue chai, na asiharakishe.
Nikafungua mkebe wangu mwenyewe,
rangi nyekundu ya mafuta, ile ya mabati,
nikawasha tochi.

MISTRI HARNAAM, aliyechonga mawe ya ukuta huohuo.
Aligonga kila jiwe kwa kifundo cha kidole, akatega sikio,
kama abishaye hodi kwa jamaa mgonjwa.
Lililojibu vibaya alilitupa.
Yaliyojibu vizuri yanabeba paa hadi leo,
na jina lililo juu ya mlango ni la bwana mkubwa mmoja
aliyekuja kukata utepe, akarudi na treni ya jioni.

ZABLON MIGWALLA, mwandishi.
Kitabu hakuandika. Alikuwa na meza nje ya posta, ya miguu mitatu;
wa nne ulikuwa goti lake.
Senti thelathini barua ya salamu,
hamsini ya kuomba kazi,
ya mapenzi, mpatane.
Mama alimwendea na hasira ya miezi saba:
Mwambie akae hukohuko Kericho na majani yake ya chai!
Zablon akajaza ukurasa, akamsomea vilevile alivyosema,
neno kwa neno, hata kelele zake.
Baba akafika Jumamosi.
Barua ninayo. Hamna humo hata neno moja la mama.
Inaanza: Kamba uliyofungia mlango haijakatika.
Nilizaliwa mwaka uliofuata,
hivyo nami nihesabiwe katika maandishi yake.

PERESIA ADUWO.
Aliingia baraza la manispaa na mkebe wa biskuti
uliojaa risiti za soko, ushuru wa miaka kumi na minne,
akazipanga mezani moja moja, madiwani wakitazama saa,
na alipoiweka ya mwisho akauliza:
Choo kiko wapi?
Kikajengwa. Milango sita.
Kikaitwa Othina.

Jina lake nililirudia kwa brashi mara tatu.

Ilipokauka, nikafunika yote kwa nyeupe ya kaunti,
na juu ya nyeupe nikaandika yale kumi na mawili,
kwa bluu, nadhifu, mstari umenyooka kama reli.
Mwana wa Othina akapigwa picha akigusa jina la babake,
akaondoka na kidole cha bluu.

Hezron aliona. Kijana huyu haachi kitu.
Akauliza, mzee, ina faida gani
kuandika kisichosomeka?
Nikamwonyesha mkebe wa kaunti:
rangi ya maji, bei ya kutupa,
juu ya mafuta, bila msasa,
ukuta unaotazama magharibi.

Masika mawili, nikamwambia. Labda matatu.
O zitatangulia.